Barafu Ndani ya Blanketi

Haya nimeyapata kwa Josephine mwenyewe, mjukuu wangu, alipokuja Kinakomba likizo ya Pasaka, tumekaa jikoni tunachambua mchele. Alikuwa akieleza huku anasonya, akisonya huku anacheka. Nimeyaandika kama alivyoyasema, ila kusonya nimekupunguza, maana karatasi ingejaa.

Josephine alikuwa akifundisha Sayansi katika shule moja ya kijiji, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Garsen. Kijiji chenyewe zamani kilikuwa kando ya mto kabisa. Mafuriko yalipokipiga mara ya pili, watu wakachoka kupanda mitini na kuku wao, wakahamia ardhi ya juu, kule kusikokuwa na kivuli cha kumtosha hata mbuzi. Walihama na kila kitu, pamoja na mabati ya shule. Na hayo mabati, ukitaka kugombana na watu wa kijiji kile, wewe yaseme vibaya. Yalivushwa kwa mitumbwi, maji yamefura, viboko wamechachamaa. Mzee Laban, mwenyekiti wa kamati ya shule, ndiye aliyekuwa katika mtumbwi wa kwanza, ameyakumbatia mabati kama anayemleta bibi harusi.

Sasa mabati yalikuwa juu ya Gredi ya Sita, matupu, bila dari. Asubuhi palikalika. Lakini saa nane mchana, jua la Februari likishalala juu ya lile paa, darasa likawa tanuri la mikate. Na ratiba, kana kwamba iliandikwa na adui, ilikuwa imeweka Sayansi saa nane. Na somo lililofika muhula ule lilikuwa lipi? Jinsi joto linavyosafiri.

"Joto lina njia tatu za kusafiri," Josephine aliwaambia, kitambaa cha kufutia jasho mkono mmoja, chaki mkono wa pili. "Ya kwanza, linapita ndani ya kitu, kama watu waliojipanga mstari wakipokezana ndoo ya maji. Ya pili, linabebwa na kitu chenye kwenda, kama maji yakichemka au upepo. Ya tatu, linarushwa tu, halishiki kitu njiani, kama jua linavyotufikia. Mmesikia?"

"Tumesikiaaa."

"Haya. Umeacha kijiko cha bati ndani ya sufuria ya uji. Moto uko chini, mpini uko juu. Kwa nini mpini unakuchoma?"

Nzi mmoja akapita. Oliver, kijana wa nyuma aliyekuwa na jibu la kila kitu isipokuwa la swali lililoulizwa, akainua mkono.

"Kwa sababu uji si wangu, Ticha."

"Uji si wako kivipi?"

"Uji wa mtoto mchanga. Ukiuchovya kwa wizi, lazima uungue."

Darasa likaangua kicheko. Josephine naye angecheka kama asingekuwa amekesha akitafuta maneno ya somo lile.

Siku ya pili alikuja na msumari mrefu wa boriti, mshumaa, mafuta ya kupikia ya mgando, na punje za mahindi. Alitaka kuzigandisha punje kwenye msumari kwa mafuta, zikae mstari mmoja, kisha aunguze ncha ya msumari kwa mshumaa. Mafuta yangeyeyuka kuanzia karibu na moto, punje zikaanguka moja baada ya moja, watoto wakaliona joto likitembea kwa macho yao. Alijaribu kwake alfajiri, ikakubali vizuri hata akajipigia makofi peke yake.

Saa nane akasimama mbele ya darasa, akazipanga punje, akainua msumari juu wote wauone. Kabla hajawasha kiberiti, punje zote zikadondoka kwa pamoja. Mafuta yalikuwa yamekuwa maji mkononi mwake.

"Ticha," Oliver akasema, "joto limesafiri bila nauli."

Josephine akaupangusa msumari kwa leso yake. Alipoinua macho, nusu ya darasa ilikuwa imelala. Haukuwa usingizi wa utundu. Watoto walikuwa wamelegea juu ya madawati kama mboga iliyoachwa juani, midomo wazi, jasho linawashuka masikioni. Halake, mtoto wa Kiorma aliyekuwa akitembea kutoka makazi ya wafugaji ng'ambo ya barabara, alikuwa ameweka shavu lake sakafuni, apate ubaridi wa udongo.

Jioni ile Mwalimu Mkuu, Bwana Abdulhakim, mtu wa Kipini, mpole wa maneno, akamwita.

"Mwalimu Josephine, mimi watoto hawa nawaonea imani. Juzi mmoja kanizimikia pale mlangoni. Mwezi huu ukiisha na paa liko vivi hivi, masomo ya mchana n'tayafuta. Wende zao majumbani."

"Na Sayansi?"

"Sayansi itakwenda nao."

"Asubuhi hakuna nafasi hata kidogo?"

"Asubuhi imejaa mpaka pomoni, mwanangu. Nitie wapi? Nenda kazungumze na Mzee Laban, paa ni lake yeye na kamati yake. Mimi hata msumari siruhusiwi kuugusa."

Josephine alirudi nyumbani na roho nzito. Watoto wale wangefanya mtihani wa kumaliza Gredi ya Sita mwisho wa mwaka, na watoto wa shule nyingine wangekuwa nao katika karatasi ile ile, wenye madarasa yenye dari na miti uani. Yeye angewaambia nini? Kwamba tulilifuta joto kwa sababu ya joto?

Bado alikuwa na matumaini ya kuwafundisha kabla mwezi haujaisha. Ndipo ikaja habari ya barafu.

Ilianza kwa swali. Aliwauliza, "Blanketi lina moto?"

"Linaaa!"

"Nikiifunika barafu kwa blanketi, nyingine nikaiacha wazi kwenye sahani, ipi itayeyuka kwanza?"

"Ya blanketiii!"

"Ya blanketi itakufa mara moja, Mwalimu," Halake akaongeza.

"Sikilizeni. Blanketi halina moto wa kwake. Blanketi ni bawabu wa mlangoni, na bawabu yule hajui upendeleo. Aliye ndani hatoki, aliye nje haingii. Ukijifunika wewe, joto lako linazuiwa lisitoke, ndiyo maana unaona limekutia moto. Ukiifunika barafu, joto la nje linazuiwa lisiingie."

Walimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa anayeweweseka.

Basi kesho yake Josephine akapanda bodaboda alfajiri hadi Garsen, akanunua barafu, akairudisha ndani ya chupa ya chai ya mdomo mpana, ameipakata njia nzima. Saa sita na nusu, kabla ya chakula, akatoa vipande viwili vilivyolingana. Kimoja akakiweka kwenye sahani, juu ya dawati. Kingine akakiviringisha ndani ya blanketi la kitandani mwake, akakiweka kando ya kile cha kwanza. Watoto wakaenda kula. Yeye akabaki mlinzi, njaa inamkwangua, lakini akasema leo siondoki.

Bwana Abdulhakim akatokea dirishani. "Mwalimu, njoo ofisini mara moja, nina neno moja."

Na neno moja la Bwana Abdulhakim huwa na watoto na wajukuu. Mpaka Josephine anarudi, kengele ilishalia na darasa lilishajaa. Sahani ilikuwa na maji matupu.

"Haya," akasema, "sasa tazameni."

Akafungua kunjo la kwanza. Akafungua la pili. Akafungua blanketi lote, akalikung'uta. Hakuna barafu. Hakuna hata chembe.

Kelele zilizotoka humo zilisikika hadi bombani. "Tulisemaaa! Blanketi moto! Blanketi moto!" Wengine walipanda juu ya madawati. Watoto waliokuwa wakisinzia kila siku, siku ile hakusinzia mtu.

Josephine alilishika blanketi akalipapasa. Lilikuwa na unyevu kidogo tu, kama kitambaa kilichopangusiwa uso. "Ngojeni kwanza. Barafu kubwa vile, maji yake yako wapi?"

"Blanketi limekunywa, Ticha," Oliver akajibu.

"Halijanywa! Lingelowa chapachapa!"

"Labda lilikuwa na kiu sana."

Josephine akawaangalia mmoja mmoja. Katika mstari wa mbele alikaa Hope, mjukuu wa Mzee Laban, msichana ambaye mkono wake haukuwahi kushuka tangu alipojua kuuinua. Leo mkono ule ulikuwa umeshika shavu.

"Hope, una nini wewe?"

"Jino, Mwalimu."

"Pole," Josephine akasema, akaliacha hapo. Alikuwa na yake ya kumuuma.

Jioni, kwenye foleni ya maji, mwanamke mmoja akamwambia kwa upole mkubwa, "Mwalimu, nasikia blanketi limekushinda." Josephine akajitwika ndoo ikiwa nusu, akaondoka.

Siku zilizofuata Halake hakuonekana. Jumamosi Josephine akavuka barabara kwenda makazini kwao kumuulizia. Mamake, mwanamke mrefu mwenye maneno machache, hakuzunguka.

"Mtoto anakuja nyumbani, kichwa inauma. Mimi nauliza, umesoma nini? Anasema, nimelala. Kama ni kulala, Mwalimu, si alale hapa? Hapa iko baridi."

Akamkaribisha ndani. Ilikuwa nyumba ya mviringo, imefunikwa mikeka ya majani ya mikoma, mmoja juu ya mwingine, na juu yake nyasi. Josephine aliinama akaingia, akaketi, akapewa maziwa. Ilikuwa saa ile ile ya tanuri, jua liko pale pale. Lakini jasho lake likakauka. Akakumbuka nyumba ya nyasi aliyokulia, jinsi walivyokuwa wakikimbilia ndani mchana kama vifaranga. Akatazama juu, maziwa yakabaki mdomoni.

Si ni blanketi? Si ndilo blanketi lile lile, limefunika nyumba?

Pembeni palikuwa na mikeka mingine imeviringishwa na kufungwa kamba, ile ya kuhamia, ambayo haikuwa na kazi kwa kuwa familia ilikuwa haijahama tangu mvua za mwisho.

"Mama Halake, hii mikeka, unaweza kuniazima? Niiweke juu ya mabati ya darasa. Si kuilaza, hapana. Niinyanyue kwa fito, ibaki nafasi ya upepo kupita katikati. Mikeka ipigwe na jua, bati lipone."

Mamake Halake akafikiri. "Mtoto hatalala tena?"

"Hatalala."

"Chukua."

Kuichukua mikeka ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa Mzee Laban.

Kamati ilikutana asubuhi, ndani ya darasa lenyewe, na watoto wakafukuzwa nje, maana yake wakajazana madirishani. Josephine alieleza kwa utaratibu. Alisema bati likipigwa na jua linakuwa jiko, ila jiko hili liko juu na chungu kiko chini, na chungu ni watoto wetu. Alisema habari ya fito, mikeka na upepo. Bwana Abdulhakim akatingisha kichwa kuonyesha kwamba yumo, bila kusema kwamba yumo.

Mzee Laban akasimama, akaegemea bakora yake.

"Mwanangu Josephine, wewe ni mtoto wa mto kama mimi. Babako alizaliwa chini ya nyasi, nami nilizaliwa chini ya nyasi. Shule yetu ya kwanza ilikuwa ya nyasi. Wakaguzi wakija wanauliza, jamani, hili ni darasa ama ni zizi? Mimi nimesimama hapo na kofia mkononi, nacheka nao. Nikaapa. Mabati haya nimeyavusha na viboko wananitazama hivi, macho kwa macho. Leo niyavike mikeka? Mtu apite barabarani aulize, shule ilikuwa wapi?"

"Kweli kabisa," wakasema wanakamati.

"Halafu mchwa. Halafu nyoka. Halafu la mwisho, binti yangu, ambalo nalisema bila ubaya." Akatabasamu. "Wewe mwenyewe, kwa mikono yako, si uliifunika barafu na blanketi? Nini kilitokea?"

Kicheko kikazuka. Mwanakamati mmoja akapiga paja.

"Iliyeyuka hata tone lisibaki! Na barafu ni kitu cha baridi. Sasa unataka kuwafunika hawa, ambao tayari wamechemka?"

Jaribio lilikuwa la Josephine, mashahidi walikuwa wengi, na blanketi lilikuwa limetoa ushahidi dhidi yake. Machozi ya hasira yakamjia, akayarudisha yalikotoka.

"Mzee," akasema taratibu, "ile barafu sijui ilikokwenda. Lakini haikuyeyuka."

"Ilipaa?"

Wakacheka tena. Ndipo dirishani ikasikika sauti nyembamba.

"Babu."

Wote wakageuka. Hope alikuwa amening'inia kwenye dirisha, kidevu kiko juu ya ukuta.

"Babu, barafu haikuyeyuka. Niliila."

Juu ya vichwa vyao bati likalia kwa jua.

"Uliila?" Mzee Laban akauliza. "Barafu ya shule?"

"Tulitaka kuangalia tu kama imeanza kufa. Ilikuwa haijaanza, Babu, nzima vile vile. Tukailamba kidogo. Halafu..." Akameza mate. "Halafu ikaisha."

"Wewe na nani?"

"Na Halake. Yeye ndiye alikula kipande kikubwa."

Kichwa kingine kikachomoza haraka. Mamake alikuwa amemrudisha asubuhi ile ile pamoja na mikeka. "Uongo! Mimi nakula kidogo tu! Kikubwa alikula yeye, mpaka meno yake inalia!"

"Lile jino?" Josephine akauliza.

Hope akatazama chini. "Ndilo, Mwalimu. Naomba msamaha. Darasa lilikuwa limefurahi sana, nikaogopa kusema."

Josephine hakujua amkumbatie ama amchape. Akamgeukia mwenyekiti, akisubiri. Mtu mwingine angesema, basi, nimekosea. Mzee Laban akakohoa, akaketi, akapanga bakora yake juu ya magoti.

"Hilo linaonyesha tu kwamba nina mjukuu mlafi. Halionyeshi kitu kuhusu blanketi. Lete barafu nyingine. Nitailinda mimi."

Kwa hiyo Josephine akapanda bodaboda tena. Vipande viwili tena, sahani tena, blanketi lile lile. Mzee Laban akaketi mbele ya blanketi tangu kabla ya chakula, bakora mkononi, hafungui kinywa wala hapepesi macho. Bwana Abdulhakim alipopita dirishani akasema, "Mzee wangu, njoo ofisini mara moja, nina neno moja," mzee akamjibu bila kugeuka, "Neno lako lilete hapa."

Kengele ikalia. Watoto wakaingia kwa vidole vya miguu, kama kanisani. Barafu ya sahani ilikuwa maji, na nzi amezama ndani yake. Mzee Laban akafungua blanketi mwenyewe, kunjo kwa kunjo, na pale katikati barafu ikawa imekaa, imepungua, lakini ipo, yafika ukubwa wa yai la bata. Watoto wakavuta pumzi kwa pamoja. Mzee akaigusa kwa kidole. Akaiweka shavuni. Akaikodolea macho muda mrefu.

"Hm," akasema.

"Umeona, Mzee?"

"Blanketi hili ulilinunua wapi?"

"Garsen."

"Hm. La kwangu nililitoa Hola. Sijui kama la kwangu lingefanya hivi."

Josephine akatoka nje, akasimama nyuma ya darasa, akauma upindo wa leso yake mpaka meno yakamwuma. Aliporudi, mzee alikuwa ameshafika mlangoni.

"Nakupa mpaka mwezi uishe," akasema. "Lakini weka upande wa nyuma peke yake. Upande wa barabarani mabati yaonekane. Na siku ya mwisho nitakuja mwenyewe, nikae humu saa nane kama mwanafunzi. Nikiona upuuzi, mikeka inashuka na masomo ya mchana yafutwe, yaishe."

Upande wa nyuma. Josephine alitaka kupinga, kisha akakumbuka kwamba upande wa nyuma ndio uliokuwa ukilipokea jua la mchana. Akafumba mdomo upesi, kabla bahati haijasikia.

Wazazi wachache walikuja na fito, mamake Halake akaja na kamba. Alipanda juu mwenyewe, akafunga vifundo vya Kiorma ambavyo upepo haufungui, huku wanaume wakimwelekeza kutoka chini, naye hawasikilizi. Watoto waliulizwa kila mtu aseme mkeka unafanya nini pale juu. Oliver akasema, "Ni bawabu, Ticha. Analiambia jua: leo hakuna kuingia." Lilikuwa jibu lake la kwanza la swali lililoulizwa, na Josephine alilazimika kugeukia ubao kidogo.

Lakini je, darasa lilipoa? Lilipoa, wala halikuwa baridi. Palikuwa na joto la kawaida la Garsen, lile ambalo mtu anaishi nalo. Siku mbili za kwanza watoto wawili watatu bado walisinzia kwa mazoea, akawaamsha. Josephine alilala usiku akihesabu mambo yanayoweza kuharibika. Upepo ungeweza kuja. Mbuzi wangeweza kupanda. Na Mzee Laban angeweza kuamka vibaya.

Siku ya mwisho ya mwezi, saa nane, mzee akaja amevaa koti. Koti! Josephine akaliona, moyo ukashuka. Amekuja kushinda kesi, akajisemea. Mtu aliyevaa koti jua hili lazima aone moto. Mzee akakaa dawati la nyuma, magoti yamefika kifuani, na Hope akahama mbele kuja kukaa kando yake.

"Endeleeni," akasema. "Mimi sipo."

Josephine akautoa msumari wa boriti. Akazigandisha punje kwa mafuta. Akainua. Punje zikakaa. Akawasha mshumaa, akauweka kwenye ncha. Darasa zima likasimama. Ikapita kitambo, Josephine akaanza kukata tamaa, na mara punje iliyo karibu na moto ikateleza, ikadondoka: ti. Watoto wakashangilia. Kisha ya pili, ti. Kisha ya tatu.

"Linatembea!" Halake akapiga kelele. "Joto linatembea!"

"Leo limelipa nauli," Oliver akasema.

"Hebu," sauti ya mzee ikatoka nyuma, "hiyo ya mwisho kabisa haianguki?"

"Itaanguka, Mzee. Joto linapokezana njiani, halijafika kwake."

"Hm. Nitaingoja."

Josephine akaona hapa ndipo. Akashusha msumari kidogo. "Mzee, wakati tunaingoja, tuambie. Mikeka ibaki? Mwalimu Mkuu anataka jibu leo."

Mzee Laban akaegemea ukuta. Akafungua vifungo vya koti, kimoja, kingine. "Jambo la paa si la kujibiwa mbio mbio, binti yangu. Ngoja nifikiri." Akafumba macho, afikiri vizuri.

Akafikiri. Darasa likangoja. Josephine alitaka neno moja tu, ndiyo ama hapana. Mwezi mzima amepanda bodaboda na barafu mapajani kwa ajili ya neno hilo. Punje nyingine ikadondoka. Kidevu cha mzee kikashuka kidogo.

"Mwalimu," Hope akanong'ona, "Babu nyumbani halali mchana hata siku moja. Anasema mabati ya nyumba yake yanamtafuna kichwa kwa joto."

Bwana Abdulhakim akachungulia dirishani. "Vipi? Kasemaje?"

"Amesema 'khrrr', Mwalimu," Oliver akajibu.

"Silali!" mzee akagutuka, macho hayajafunguka. "Nafikiri."

"Fikiri, mzee wangu, fikiri," Bwana Abdulhakim akasema kwa upole. Akamgeukia Josephine. "Basi ratiba itakaa vivi hivi mpaka amalize."

"Na akimaliza akasema hapana?"

"Kwani wewe wamuona yu karibu kumaliza?"

Josephine akasonya. Hilo si jibu, akajisemea. Jibu ni mtu kufungua kinywa akasema. Akatazama madawati. Macho yote yalikuwa wazi, yameuganda msumari. Punje ya mwisho ilikuwa imeanza kuteleza, ikasita, ikateleza, ikaanguka. Ti. Watoto wakainua mikono wapige makofi, na Hope akaweka kidole mdomoni, akawanyamazisha wote. Bakora ilikuwa imemtoka mzee mkononi; Hope akaiokota, akaisimamisha ukutani taratibu. Mzee Laban akavuta pumzi ndefu, akamlalia mjukuu wake begani, akalala.